Seli na Mifano Yake

Msomaji, mwanadamu akutanapo na kitu kigeni hukitafutia jina katika vitu alivyokwisha kuvizoea. Waswahili walipoona chombo kirukacho angani walikiita ndege, ingawa hakina manyoya wala hakitagi mayai. Walipoona gari lipitalo juu ya reli huku likifuka moshi waliliita gari la moshi. Na jina hilo limedumu hata leo, ingawa magari ya reli ya siku hizi hayachomi kuni wala makaa. Mambo yamebadilika, jina limebaki. Hivyo ndivyo lugha ilivyo: hushika mfano wa kwanza, nao mfano huo hukaa vinywani mwa watu muda mrefu baada ya sababu yake kusahauliwa.

Elimu ya viumbe imejaa majina ya namna hiyo. Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba mwili wake, na jani la mgomba, na mnyoo aliyemo udongoni, vyote vimejengwa kwa seli; kisha hupewa orodha ya sehemu za seli aikariri: utando, kiini, saitoplazimu, mitokondria na nyinginezo. Aghalabu huikariri kama kasuku, akaiandika katika mtihani, akaisahau. Lakini mengi katika maneno hayo yalikuwa mifano iliyotolewa na watu fulani, mahali fulani, katika miaka fulani, walipokuwa wakijaribu kueleza vitu ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Ukiijua historia ya mifano hiyo utajua mambo mawili: kwanza, seli ni kitu gani, na pili, jinsi mfano uwezavyo kumwongoza mtu hadi mlangoni, kisha ukamzuia asiingie ndani.

Habari yetu yaanza katika mji wa London, mwaka 1665. Mwaka huo Mwingereza Robert Hooke, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 30, alichapisha kitabu kikubwa chenye michoro ya vitu vidogo, jina lake Micrographia. Kazi ya Hooke ilikuwa kutayarisha majaribio na kuyaonyesha mbele ya wanachama wa Royal Society, chama cha wataalamu wa Uingereza. Alichukua kipande cha kizibo, yaani gome laini la mti litumiwalo kuzibia chupa, akakichonga kwa kisu kilichonolewa hata kikawa kikali kama wembe, akapata kijipande chembamba sana. Alikiweka juu ya kibao cheusi, akakimulikia mwanga, akakitazama kwa hadubini.

Aliona nini? Aliona vitundu vingi vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kimezungukwa na kuta zake, mfano wa sega la nyuki. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini lililomaanisha chumba kidogo: chumba cha mtawa, ghala dogo la chakula, au kitundu cha sega la asali. Neno hilo ndilo tulilolipokea katika Kiswahili kwa umbo la seli. Na ndilo hilo hilo tulitumialo kwa chumba cha mahabusu katika kituo cha polisi.

Hooke hakutosheka na kuona. Alitaka pia kuhesabu. Alipata vyumba 60 katika sehemu moja ya 18 ya inchi. Zidisha mwenyewe, msomaji: 60 mara 18 ni 1,080, nayo ni hesabu ya vyumba katika urefu wa inchi moja. Zidisha tena 1,080 kwa 1,080 kwa 1,080, utapata vyumba 1,259,712,000 katika kipande cha kizibo chenye urefu, upana na kimo cha inchi moja moja. Tena mfano wake ulimjibu maswali ambayo watu walikuwa wakijiuliza zamani. Kwa nini kizibo ni chepesi? Kwa sababu kimejaa vyumba vyenye hewa. Kwa nini huelea majini wala hakinywi maji? Kwa sababu kila chumba kimefungwa peke yake. Kwa nini hubonyea, kisha kikarudia umbo lake? Kwa sababu hewa iliyofungwa ndani husukuma kuta nyuma. Mfano uwezao kujibu maswali matatu kwa mara moja ni mfano mwema, na Hooke anastahili sifa kwa huo.

Lakini kizibo ni gome lililokufa. Vyumba alivyoviona Hooke vilikuwa magofu: wenyeji wake walikwisha kufa, zikabaki kuta tu. Yeye mwenyewe aliona kwamba katika mimea mibichi vyumba hivyo hujaa majimaji, na aliandika hivyo. Lakini jina lilikwisha kutolewa. Likitajwa neno chumba, akili huenda kwenye kuta. Haiendi kwa mwenye kukaa ndani. Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa mimea walichunguza unene wa kuta, umbo la kuta na mpango wa kuta, kama mgeni aingiaye mjini akahesabu nyumba zote asimwamkie mtu hata mmoja.

Wakati huo huo, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, alikuwako mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Hakupata masomo ya chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa zama zile. Alijua kusugua vioo vidogo kwa mikono yake hata vikakuza vitu zaidi ya mara 200. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa akaona viumbe vidogo vikiogelea humo; mwaka 1676 aliandika barua ndefu kwa Royal Society kwa lugha yake ya Kiholanzi, akieleza aliyoyaona. Wengine waliona shaka. Mwaka 1677 Hooke mwenyewe alitengeneza hadubini upya, akavionyesha viumbe hivyo mbele ya chama, na shaka ikapungua.

Tafakari jambo hili. Watu hawa wawili walijuana kwa barua na kwa kazi, na kila mmoja alikuwa ameishika nusu ya ukweli. Mmoja aliona nyumba bila mwenyeji. Mwingine aliona mwenyeji bila nyumba. Vile vijinyama vya Leeuwenhoek vilikuwa seli nzima nzima zilizo hai, kila moja ikijitegemea. Lakini nani angedhani kwamba kijinyama kinachoogelea na chumba kilichomo katika gome la mti ni vitu vya aina moja? Majina yake yalikuwa mbalimbali, na kwa hiyo yalitiwa katika mafungu mbalimbali. Ilipita karne moja na nusu kabla ya fungu moja kukutana na jingine.

Hatua iliyofuata ilifanywa na Mskoti Robert Brown, bingwa wa mimea. Mwaka 1831, alipokuwa akichunguza maua ya okidi, aliona kwamba ndani ya kila seli mlikuwa na doa moja la mviringo. Wengine walikwisha kuliona doa hilo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyetambua kwamba halikuwako kwa bahati, akalipa jina. Aliliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kokwa, ile sehemu ngumu iliyomo katikati ya tunda. Sisi tunaliita kiini. Na hapa lugha yetu ilipata bahati, kwa maana kiini kwetu ni ute wa manjano wa yai, ni moyo wa mti, na tena ni jambo kuu katika habari yo yote.

Hata hivyo mfano wa kokwa ulikuwa na mtego. Kokwa hupandwa, nayo huota. Mjerumani Matthias Schleiden, alipoandika mwaka 1838 kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, alidhani kwamba kiini ni mbegu iotayo seli mpya. Rafiki yake Theodor Schwann alimsikia akieleza habari za viini vya mimea, akakumbuka kwamba alikwisha kuona viini kama hivyo katika miili ya wanyama. Mwaka 1839 Schwann alitangaza kwamba wanyama nao wamejengwa kwa seli. Huu ulikuwa ushindi mkubwa. Tangu siku hiyo mgomba na mla ndizi walijulikana kuwa wamejengwa kwa matofali ya namna moja.

Lakini seli mpya hutoka wapi? Schleiden na Schwann walijibu kwa mfano mwingine: walisema kwamba seli hujitunga katika majimaji, kama punje za chumvi au za sukari zijitungavyo. Msomaji aliyepita Gongoni, kaskazini ya Malindi, ameona maji ya bahari yakitiwa katika mabwawa na kuachwa juani hata chumvi ikajikusanya yenyewe. Walidhani kwamba seli nazo hupatikana hivyo. Ulikuwa mfano mzuri kusikia, unaoeleweka kwa urahisi, na ulikuwa uongo. Jihadhari na mfano unaoeleweka upesi. Wepesi wake si ushahidi wa ukweli wake.

Aliyeuvunja ni Robert Remak, Myahudi aliyezaliwa Poznań na kufanya kazi Berlin. Kwa sababu ya dini yake, aliyokataa kuiacha, alinyimwa cheo kamili cha uprofesa. Remak alitazama chembe za damu katika vifaranga ambao hawajaanguliwa, akaona seli moja ikijigawa na kuwa mbili. Na mwaka 1852 alieleza wazi kwamba seli hazijitungi, bali hugawanyika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1855, daktari mashuhuri, Rudolf Virchow, alitangaza kanuni hiyo hiyo, kwamba kila seli huzaliwa na seli. Na kwa kuwa jina la Virchow lilikuwa kubwa, kanuni hiyo ilienea kwa jina lake.

Ukitaka mfano wa kanuni hiyo, fikiri habari za moto vijijini zama za kabla ya viberiti. Mtu akitaka kupika hakuunda moto mpya kila siku. Alikwenda kwa jirani akaomba kaa la moto. Jirani naye alikuwa ameupata kwa jirani mwingine. Vivyo hivyo seli zilizomo mwilini mwako zilitokana na seli moja tu ndani ya tumbo la mama yako, na seli hiyo ilitokana na seli za wazazi wako, nazo na za wazazi wao, bila moto huo kuzimika hata mara moja tangu uhai ulipoanza duniani. Mfano huu nao una mpaka wake: moto hauna kumbukumbu, lakini seli hurithisha maandishi. Tutayafikia maandishi hayo.

Virchow alitoa mfano mwingine. Alisema kwamba mwili ni kama dola, na seli ni raia wake: kila raia ana uhai wake, lakini wote hutegemeana, na ugonjwa huanza kwa raia kabla ya kuonekana katika dola. Si ajabu kwamba aliwaza hivyo, kwa maana alikuwa pia mwanasiasa. Mwaka 1848 alipelekwa Silesia kuchunguza homa iliyoua watu wengi, akaandika kwamba chanzo chake kilikuwa umaskini na utawala mbaya. Mtu huona katika hadubini kwa macho yale yale ayatumiayo barazani.

Hatimaye, mwaka 1861, Max Schultze alisema neno lililopasa kusemwa mapema. Alisema kwamba ukuta si jambo la lazima. Seli ni donge la ute ulio hai lenye kiini ndani yake. Seli za wanyama hazina kuta kama za mimea, nazo ni seli kamili. Tangu Hooke hadi Schultze ni miaka 196. Muda huo wote ulihitajika ili chumba kipoteze kuta zake na mwenyeji aheshimiwe. Hata hivyo jina halikubadilishwa, kama vile gari la moshi lilivyobaki bila moshi wa makaa. Kiswahili kina jina jingine tena, nalo ni chembe hai. Yalinganishe majina hayo mawili: seli hutukumbusha ukuta, chembe hai hutukumbusha uhai. Ni vyema kuyajua yote mawili, ili moja lisahihishe jingine.

Baada ya hapo ilikuja zamu ya rangi. Seli nyingi hazina rangi, na kuzitazama ni kama kutafuta kipande cha kioo ndani ya maji. Wataalamu waligundua kwamba rangi za viwandani hushika sehemu fulani za seli na kuacha nyingine. Mwaka 1882 Walther Flemming wa Kiel alieleza jinsi nyuzi zilizomo katika kiini zinavyojipanga na kugawanyika seli inapojigawa. Mwaka 1888 Wilhelm Waldeyer aliziita nyuzi hizo kromosomu, yaani miili yenye rangi. Angalia jinsi jina hili linavyoweza kudanganya: kromosomu hazina rangi hiyo zenyewe, rangi ni ya mtazamaji, aliyeitia mwenyewe. Mwaka 1898 Carl Benda aliona vitu vidogo vilivyofanana na nyuzi na punje, akaviita mitokondria, maana yake uzi na punje. Alilitaja umbo lake kwa kuwa kazi yake haikujulikana. Mwaka huo huo Mwitalia Camillo Golgi aliona wavu wa ajabu ndani ya seli za neva. Kwa muda wa miaka 50 hivi wataalamu walibishana kama wavu wa Golgi ulikuwako kweli, au ulikuwa taka za dawa alizozitumia.

Mabishano hayo yalikatwa na chombo kipya. Mwanga una mawimbi, na kitu kilicho kidogo mno kuliko mawimbi hayo hakionekani wazi kwa mwanga, kama vile kidole kinene kisivyoweza kupapasa maandishi madogo. Mwaka 1931, mjini Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini itumiayo elektroni badala ya mwanga. Mwaka 1945 ilichapishwa picha ya kwanza ya seli nzima iliyopigwa kwa chombo hicho, na katika miaka ya 1950 wavu wa Golgi ulionekana wazi. Watu watatu, Albert Claude, George Palade na Christian de Duve, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1974 kwa kufunua mambo ya ndani ya seli.

Mambo hayo yalikuwa mengi mno kwa mfano wa chumba kimoja. Chumba kikageuka mji. Basi twende tuuzuru mji huo, msomaji.

Mpakani mwake kuna utando wa mafuta, mwembamba mno, ufanyao kazi ya bawabu: huruhusu hiki, hukataza kile. Lakini si boma la mawe. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza kwamba utando huo ni kama maji ya bandari, na protini huelea humo kama vyombo. Ukiingia ndani utafika kwenye kiini, nyumba ya kumbukumbu, ambamo kitabu kikuu cha DNA hutunzwa. Kitabu chenyewe hakitolewi nje. Hutolewa nakala ya ukurasa unaohitajiwa. Nakala hiyo hupelekwa kwa ribosomu, mafundi waisomao neno kwa neno na kuunda protini kama ilivyoandikwa. Protini nyingi hupita katika vifaa vya Golgi, ambavyo ni posta ya mji: hapo hufungwa, hutiwa alama, na kupelekwa zinakotakiwa. Lisosomu, zilizopewa jina na de Duve mwaka 1955, ni kama mafundi wa jua kali wavunjao vyuma vikuukuu ili vitumike tena. Na mitokondria ni mtambo wa nguvu: humo chakula huunguzwa polepole kwa oksijeni na kutoa nishati. Philip Siekevitz aliziita hivyo katika makala yake ya mwaka 1957, na tangu hapo wanafunzi wa dunia nzima wamelirudia neno hilo.

Katika mimea kuna mambo zaidi. Kuna kloroplasti, majiko ya kijani yapikayo kwa moto wa jua, yakitengeneza sukari kwa maji na hewa ya kaboni dioksidi. Tena kuna vakuoli, ambayo jina lake katika Kilatini lina maana ya kitu kitupu. Lakini katika mmea ni tangi lililojaa maji. Sukuma wiki iliyokaa sokoni tangu asubuhi hunyauka mchana kwa sababu matangi hayo yamepungukiwa. Hapo tena jina lasema tupu, na kitu kimejaa.

Mfano wa mji ni mzuri, nao utakusaidia kukumbuka. Lakini tuupime. Mji una mtawala, ama meya ama gavana. Je, seli ina mtawala? Wengi husema kwamba kiini ndicho kitawalacho. Hata hivyo chembe nyekundu za damu yako hazina kiini. Hukitoa kabla ya kuanza kusafiri, na baada ya hapo huishi siku 120 hivi, zikibeba oksijeni. Tena mafundi wa mjini hujua wafanyalo, lakini ribosomu haijui neno. Katika seli hakuna anayeamuru wala anayeelewa. Kuna vitu vinavyosukumana ndani ya maji, vinavyoshikana pale maumbo yake yanapopatana.

Mfano wa mtambo wa nguvu nao ulificha jambo kubwa. Mtambo hujengwa na wenye mji. Mwaka 1963 iligunduliwa kwamba mitokondria zina DNA yao wenyewe, mbali na ile ya kiini. Mtambo wenye kitabu chake mwenyewe ni jambo la kustaajabisha. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis alichapisha makala akieleza kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa zamani bakteria zilizojitegemea, zikaingia katika seli nyingine, zikakaa humo hata hazikuweza tena kutoka. Makala hayo yalikataliwa na majarida mengi kabla ya kukubaliwa. Leo wataalamu wanakubali kwamba alisema kweli. Kumbe tuliyemwita mtambo alikuwa mpangaji wa kale, mwenye hati zake mfukoni.

Huenda utauliza: Yanihusu nini mimi? Majina ni majina, na mtihani utapita. Nitakujibu kwa mfano mmoja uliokaa katika damu ya watu wa nchi yetu.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za damu ya mwanafunzi mmoja kutoka Grenada. Baadhi ya chembe nyekundu za damu hiyo, badala ya kuwa mviringo, zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Ugonjwa huo ukapata jina kutokana na umbo hilo, na kwa Kiswahili twauita seli mundu. Jina hili ni sahihi kwa jicho, lakini halisemi sababu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo limo katika hemoglobini, protini ibebayo oksijeni. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha tofauti yenyewe. Fikiri uzi wenye shanga 146 za rangi mbalimbali, zilizotungwa kwa utaratibu. Ushanga wa 6 umebadilishwa, mmoja tu. 145 zilizosalia hazikuguswa. Kwa sababu ya ushanga huo mmoja, hemoglobini zikikosa oksijeni hushikana na kuwa fito ndefu, fito hizo hupinda chembe nzima, na chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Maumivu hufuata, na upungufu wa damu.

Katika mwaka huo wa 1949 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Aliona kwamba karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu 20 au zaidi katika kila 100 walikuwa na urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1954 alitoa jibu: palipo na malaria nyingi, mtu aliyerithi upande mmoja tu hulindwa na malaria kali. Lakini aliyerithi pande zote mbili hupata ugonjwa. Kitu kile kile ni ngao kwa mmoja na ni msiba kwa mwingine.

Sasa fikiri juu ya nyumba ambayo mtoto wake hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, naye nduguye alikwisha kufa kabla yake. Zimekuwako nyumba za namna hiyo zilizomshuku jirani kuwa mchawi, au mume akamlaumu mkewe kwamba tumbo lake lina laana. Mwenye kujua habari za seli atasema jambo jingine: wazazi wote wawili walitoa sawasawa, na hakuna mwenye hatia. Ikiwa kila mzazi ana urithi huo upande mmoja, kila mimba ni kama kurusha sarafu mbili. Mara moja katika nne mtoto huwa mgonjwa. Mara mbili katika nne huwa kama wazazi wake. Mara moja katika nne huwa hana urithi huo kabisa. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana, kwa hiyo mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa hakumkingi wa pili, wala hakumhukumu. Siku hizi kipimo cha damu huweza kuwaambia vijana wawili hali yao kabla ya kuoana, na mtoto mgonjwa akitambuliwa mapema hupata dawa na uangalizi wa kumwongezea maisha. Basi maarifa ya seli si mapambo ya daftari; yaweza kuvunja fitina katika ukoo na kuokoa mtoto.

Kwa hiyo, msomaji, usiidharau mifano wala usiiabudu. Ukipewa mfano darasani, uulize maswali matatu: Unaonyesha nini? Unaficha nini? Aliyeutoa alikuwa akitazama kitu gani? Hooke alikuwa akitazama gome lililokufa, Schleiden alikuwa akifikiri juu ya punje zijitungazo majini, Waldeyer alikuwa akitazama rangi aliyoitia mwenyewe. Wote walikuwa watu wenye akili nyingi, na wote walizidiwa na kitu walichokitazama. Waliokuja baadaye walikubali mfano, wakautumia, na ulipochakaa wakatafuta mwingine.

Kazi hiyo haijamalizika. Jaribu wewe nawe kueleza utando, kiini na mitokondria kwa mifano ya kijijini kwenu au mtaani kwenu, kwa lugha yako mwenyewe. Ukifika mahali ambapo mfano wako wakataa kwenda mbele, usiuone kuwa hasara; simama hapo, utazame kwa makini, kwa maana hapo ndipo palipo na jambo ambalo bado hujalijua.